Chozi wa Uluguru na Kasa wa Mafia: Nani Msafiri?

Kati ya ndege na kasa, nani msafiri? Swali hili likiulizwa Kilakala, pale mji wa Morogoro unapoegemea miguu ya Uluguru, jibu huja upesi: ndege, maana ndiye mwenye mabawa. Kasa anafahamika kwa gamba zito na kujikokota mchangani. Mhadhara huu unashika upande wa pili. Ndege anayezungumziwa ni chozi wa Uluguru, ambaye wataalamu humwita Cinnyris loveridgei. Huyu huzaliwa, huishi na kufa katika misitu ya Milima ya Uluguru, na hapatikani mahali pengine popote duniani. Kasa anayetaga kwenye fukwe za kisiwa cha Juani, Mafia, ni wa jamii ambayo huvuka mipaka ya nchi kadhaa kati ya mahali inapokula na mahali inapozalia.

Ulinganisho huu si wa kufurahisha darasa tu. Kila mmoja wa viumbe hawa anatishiwa kwa namna yake, na dawa ya mmoja haimponyi mwenzake.

Gramu tisa na kilo mia

Chozi wa Uluguru ana uzito wa gramu 9 hivi, kama vijiko viwili vya chai vya sukari. Dume ana kichwa na koo la kijani linalometameta na wekundu kifuani. Jike ana rangi ya zeituni isiyovutia macho. Mdomo mrefu uliopinda ni wa kufyonzea nekta ndani ya maua, ingawa hula pia buibui na wadudu wadogo. Kasa wa aina ya Chelonia mydas, ambaye ndiye wavuvi wengi wa pwani humkusudia wanapotaja kasa bila kuongeza neno, ana gamba lenye urefu wa mita moja hivi na uzito wa kilo 100 hadi 200 anapokomaa. Kasa mmoja wa kilo 130 anawazidi uzito chozi 14,000 wakiwekwa pamoja kwenye mizani.

Mwili mdogo una gharama yake. Chozi hupoteza joto haraka, moyo wake hupiga mamia ya mara kwa dakika, na akikosa chakula mchana, usiku wa baridi mlimani unaweza kummaliza. Baadhi ya chozi wa milima mirefu ya Afrika Mashariki hushusha joto la mwili wakati wa kulala ili nguvu walizozikusanya ziwafikishe alfajiri. Kasa hana presha hiyo. Joto la mwili wake hufuata zaidi joto la maji, chakula chake kikubwa ukubwani ni majani ya baharini na mwani, na akijipumzisha chini anaweza kukaa saa kadhaa kwa pumzi moja. Pumzi hiyo hiyo humwishia upesi akinaswa katika jarife, kwa sababu kupapatika kunamaliza hewa. Mvuvi akivuta wavu wake asubuhi hukuta mnyama wa baharini amekufa maji.

Kwa sura hawafanani hata kidogo, lakini kwa ukoo wako karibu kuliko inavyodhaniwa. Miaka mingi vitabu vya shule vilimpanga kasa pamoja na mijusi na nyoka, na ndege wakapewa ukurasa wao. Kuanzia 2012 tafiti za vinasaba zilianza kuonyesha kwa uzito kwamba kobe na kasa wako upande wa mamba na ndege. Mwaka 2013, vinasaba vyote vya kasa vilipochambuliwa na kuchapishwa, matokeo yakaelekea huko huko: jamii hizo mbili ziliachana miaka milioni 250 hivi iliyopita. Kwa hesabu hiyo, kasa wa Mafia ana undugu wa karibu zaidi na chozi wa Uluguru kuliko alio nao na mjusi kafiri anayetambaa ukutani.

Ndege wa mlima mmoja

Jina la kitaalamu la chozi huyu linamkumbuka Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekusanya wanyama Tanganyika mwanzoni mwa utawala wa Waingereza, kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1924. Aliyemwelezea ndege kitaalamu ni Ernst Hartert, mwaka 1922. Waluguru walikuwa wakiishi naye tangu zamani.

Mkazi wa Kilakala anaweza kudhani anamwona kila siku, kwa kuwa ndege aina ya chozi ni wa kawaida kwenye maua ya uani. Hao wa bustanini ni wa aina nyingine, wale waliozoea joto na mashamba. Ili kumpata wa Uluguru inabidi kupanda. Njia ya kutoka mjini kwenda Morningside hupita kwenye mashamba ya mboga na migomba, kisha huendelea kuelekea kilele cha Bondwa, na huko juu ndiko msitu wa asili unakoanza. Lupanga, mlima unaoonekana vizuri kutoka mjini, una urefu wa mita 2,138. Kimhandu, ulio kusini zaidi, hufikia mita 2,630. Kati ya misitu hiyo na ile ya milima mingine kuna nyanda za joto ambazo kwa chozi ni sawa na bahari isiyovukika.

Hii ndiyo sababu Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa, ina chozi tofauti mlima kwa mlima. Usambara ina Cinnyris usambaricus. Nguru na Ukaguru zina Cinnyris moreaui, aliyepewa jina la Reginald Moreau, mtafiti aliyeanza kazi Amani mwaka 1928 na baadaye akaandika sana kuhusu ndege wahamao kati ya Ulaya na Afrika. Ndege hao ni jamaa, wanafanana, lakini kila kundi limefungiwa mlimani kwake muda mrefu kiasi cha kuwa taifa lake.

Nyimbo zao ni ushahidi wa muda huo. Ndege waimbaji hawazaliwi na wimbo uliokamilika. Kinda husikiliza wakubwa, hujaribu, hukosea, hurudia mpaka apate. Katika utafiti uliochapishwa 2021, wanasayansi walirekodi nyimbo za chozi 123 wa ukoo huu kutoka makundi 15 yaliyotengana, kwenye milima ya kuanzia Msumbiji hadi Kenya. Wengi walitarajia kwamba jambo linalofundishwa kwa mdomo lingebadilika kidogo kidogo kila kizazi. Haikuwa hivyo. Makundi mengine yaliyotengana kwa mamia ya maelfu ya miaka bado yanaimba karibu sawa, na mengine yana nyimbo zisizofanana kabisa. Wimbo unaweza kutulia muda mrefu sana, kisha ukageuka kwa kishindo.

Mama mmoja hulisha, mwingine huondoka

Jike la chozi husuka kiota kinachoning'inia kwenye tawi, akitumia nyasi, nyuzi za mimea na utando wa buibui. Hutaga yai moja au mawili. Makinda huanguliwa uchi na vipofu, na bila kulishwa mara nyingi kwa siku hayaishi. Kila kinda ni mtaji mkubwa kwa wazazi wake.

Kasa hufuata hesabu nyingine kabisa. Hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai 100 na zaidi, huyafukia, hurudi majini. Hufanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja, kisha hupumzika miaka miwili hadi minne kabla ya kutaga tena. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Watoto hujichimbua wenyewe, mara nyingi usiku, na kukimbilia majini huku kaa na ndege wakiwasubiri. Methali ya mtoto umleavyo haimhusu kasa, kwa maana hamjui mama yake wala hatamjua.

Hata jinsia yake haitoki kwa wazazi. Huamuliwa na joto la mchanga katikati ya miezi hiyo miwili: karibu na nyuzi 29 za Selsiasi madume na majike hukaribiana idadi, joto likizidi majike huongezeka. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba miongoni mwa kasa wachanga waliotoka fukwe za kaskazini mwa tumbawe kuu la Australia, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Ufukwe uliokatwa miti na kupoteza kivuli husogea upande huo huo.

Inakadiriwa kwamba kati ya watoto 1,000 wa kasa, huenda mmoja tu akafika utu uzima, na kufika huko humchukua miaka 25 au zaidi. Kwa hiyo jike moja linalopanda ufukweni Mafia ni akiba ya robo karne na ushee. Likiuawa, hakuna njia ya kulirudisha kwa kuhesabu mayai yaliyobaki. Kwa chozi mambo hayako hivyo. Ndege mmoja akiliwa na mwewe, kundi litajaza pengo katika msimu mmoja au miwili, ili mradi msitu upo. Msitu ukiondoka hakuna kundi la kujaza chochote.

Dira isiyoonekana

Kasa hurudi kutaga katika eneo la pwani alikozaliwa. Kazi za Kenneth Lohmann na wenzake huko Marekani zimesaidia kueleza namna anavyolipata. Waliwaweka kasa wachanga kwenye tangi lililozungushiwa nyaya za umeme na kubadilisha usumaku uliowazunguka. Watoto hao wakageuza mwelekeo kulingana na mahali ambapo usumaku uliwaambia wapo. Wanasayansi wanaamini kasa hukariri alama ya sumaku ya ufukwe wake tangu utotoni.

Ndege waimbaji nao wana dira. Wolfgang Wiltschko alilionyesha hilo Frankfurt, Ujerumani, miaka ya 1960, kwa kutumia ndege mdogo wa Ulaya mwenye kifua cha rangi ya machungwa. Mwaka 2021 watafiti wengine walionyesha kwamba protini iitwayo kriptokromu, iliyomo ndani ya jicho la ndege huyo huyo, huitikia usumaku maabarani.

Na hapa hoja ya kwamba chozi hasafiri kwa sababu ya udogo wake inaanguka. Phylloscopus trochilus, ndege wa gramu 10, huzaliana mpaka Mashariki ya Mbali ya Urusi. Utafiti wa 2018, uliotumia vifaa vidogo vya kupima mwanga vilivyofungwa migongoni mwa ndege hao, ulifuatilia safari yao hadi Afrika Mashariki: kilomita 13,000 hivi kwa kwenda tu. Mwingine, Acrocephalus palustris, huzaliwa Ulaya na hupitia Kenya na Tanzania kuelekea kusini. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha mwaka 1979 matokeo ya kuwasikiliza madume wa aina hiyo huko Ubelgiji. Kila dume lilikuwa likiiga kwa wastani sauti za aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu walikuwa ndege wa Afrika. Mbelgiji aliyeketi mtoni mwezi wa Juni anaimbiwa shore na mbayuwayu wa huku bila kujua. Kule Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, ndege wa safari hizi wamekuwa wakinaswa na kuvishwa pete tangu 1969, hasa Novemba na Desemba, usiku wa ukungu taa za hoteli zinapowavuta.

Basi kinachoamua nani asafiri si mabawa wala ukubwa wa mwili, bali umbali kati ya chakula na mahali pa kuzalia. Kasa hula penye majani ya baharini lakini huhitaji mchanga mkavu, uliotulia, wa joto linalofaa, na vitu hivyo viwili mara nyingi haviko jirani. Duvi, kasa wa jamii nyingine, waliovishwa vibati kwenye fukwe za kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini tangu miaka ya 1960, wamepatikana Msumbiji, Tanzania na Kenya. Chozi wa Uluguru ana maua, buibui na tawi la kutundikia kiota mahali pamoja, mwaka mzima. Hana sababu ya kuondoka.

Wapi panapouma

Biashara ya magamba ya kasa katika pwani hii ni ya kale. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya kwanza, kijulikanacho kama Periplus, kinayataja magamba miongoni mwa bidhaa za bandari ya Rhapta, na kinaeleza watu wa kisiwa cha Menouthias waliotega kasa kwa matenga. Siku hizi tishio kubwa zaidi ni nyavu, ulaji wa nyama na mayai, na kuharibika kwa fukwe. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa mahali maarufu pa kutagia na kikatengwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Kikapoteza miti yake, kikamomonyoka, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado hupanda hapo. Mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, bara, yasije yakazama.

Ulaji wa nyama una adhabu yake pia. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na makumi wakalazwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, na nyama iliyoibeba haina dalili ya kumtahadharisha mlaji.

Kilichofanya kazi Mafia ni kuwashirikisha wanavijiji. Mradi uliozaliwa huko mwaka 2001, ambao ndio chimbuko la shirika la Sea Sense, uliwapa watu wa pwani kazi ya kutafuta viota, kuvilinda na kupata motisha mayai yakianguliwa. Upande wa kimataifa, Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini makubaliano ya Bahari ya Hindi na Kusini Mashariki mwa Asia kuhusu kasa. Yote mawili yanahitajika, kwa sababu kasa aliyelindwa Juani anaweza kunaswa nchi jirani wiki chache baadaye.

Uluguru ina historia yake. Mwaka 1955 wakulima walikataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kulima kwa matuta, na ghasia zikazuka. Lengo la kuzuia mmomonyoko lilikuwa na maana. Amri ndiyo iliyoliharibu. Tangu mwaka huo hadi kufikia 2000, msitu wa asili ulipungua kutoka takriban kilomita za mraba 300 hadi 230. Sehemu kubwa iliyopotea ni ile ya chini, na pengo katika eneo la Bunduki likatenganisha msitu wa kaskazini na wa kusini. Kwa ndege anayevuka bahari, pengo kama hilo ni la kupuuzwa. Kwa chozi na ndege wenzake wa kivulini ni mpaka. Mwaka 2008 misitu hiyo ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na eneo la Bunduki likaingizwa humo ili msitu uunganishwe upya.

Viumbe hawa wawili hawatakutana kamwe, lakini kuna maji yanayoanzia kwa mmoja na kuishia kwa mwenzake. Mito ya Uluguru huingia Ruvu, Ruvu hunywesha Dar es Salaam, na kinachobaki humwagika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Udongo unaoporomoka kwenye mteremko uliofyekwa husafiri na maji hayo. Tope likizidi baharini, hufunika majani ambayo kasa huyala.

Tofauti ya wajibu inabaki pale pale. Kasa ana walinzi wengi wanaoweza kugawana lawama: Mafia, Pemba, Kenya, Msumbiji, Komoro, Shelisheli. Chozi wa Uluguru ana mkoa mmoja tu. Akitoweka Morogoro ametoweka duniani, na hakuna nchi nyingine itakayoweza kuulizwa.

Kwa hiyo ombi kwa watu wa Kilakala na kata nyingine za mteremkoni ni la mambo machache. Moto wa kuandaa shamba wakati wa kiangazi usiwashwe karibu na mpaka wa hifadhi. Mkaa ambao haujulikani umetoka wapi usinunuliwe. Anayeona ukataji au moto msituni atoe taarifa mapema kwa serikali ya mtaa au ofisi ya hifadhi. Na mwenye safari ya pwani akiuziwa nyama, mayai au mafuta ya kasa, akatae.